Arua, Koboko, Yumbe: wiki nyuma ya pikipiki ya diwani

Simulizi hii imekusanywa baada ya kurudi, kutoka kwenye madaftari na picha za simu, nyingi zikiwa picha za mbao za matangazo, vitabu vya risiti na mabomba yaliyooza. Anayefuatwa ni diwani mwanamke wa LC5, yaani baraza la wilaya, katika wilaya ya Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayewakilisha kaunti ndogo mbili. Alikubali kufuatwa kwa sharti moja: jina lake na majina ya kaunti ndogo zake yasitajwe, maana mambo yaliyoonekana yalikuwa bado hayajafika mezani pa baraza la wilaya. Huko wanamwita Hajati, na hapa ataitwa hivyo hivyo.

Jumapili usiku: Kampala hadi Arua

Basi la saa tatu usiku, nauli shilingi 60,000, liling'oka saa nne na nusu kwa sababu ya magunia ya mfanyabiashara mmoja aliyegoma kuyalipia. Luweero, Nakasongola, Kigumba, Karuma: giza na usingizi. Pakwach kulikuwa kunapambazuka, na wauza samaki walikwisha kupanga angara wa kukaushwa kando ya daraja. Mama mmoja aliyeshukia Nebbi alifungua mfuko wa muhogo wa kuchemsha na karanga, akagawia viti vitatu vya mbele na viwili vya nyuma, kisha akashuka bila kungoja shukrani.

Kwa atakayepita: anayetaka kuona tembo apande basi la mchana. Kipande cha Karuma hadi Pakwach kinapakana na mbuga ya Murchison Falls na wanyama huvuka barabara wapendavyo. Usiku utaona taa za malori tu.

Jumatatu: Arua, Koboko, Yumbe

Kutoka Arua kuna njia mbili. Ya kupitia Terego ni fupi kwenye ramani, lakini ni ya udongo, na mvua ikinyesha ufupi wake hausaidii. Ya kupitia Koboko ni lami safi, sehemu ya ile barabara ya kilomita 92 inayotoka Vurra mpakani mwa Kongo hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini. Ukifika Koboko unaingia barabara ya Yumbe na Moyo, kilomita 105 kwa jumla, ambayo ilikuwa ikijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kule kwenye michepuko vumbi jekundu liliingia hadi ndani ya chupa za maji zilizofungwa. Teksi ilidai 20,000 kutoka Arua, ikangoja abiria wa mwisho saa nzima na robo, na huyo wa mwisho alipofika alikuwa na kuku sita.

Kwa atakayepita: funga simu na karatasi kwenye mfuko wa plastiki, beba kitambaa cha pua, na usikae dirisha la upande magari yanakopishana. Februari hakuna mvua ya kulaza vumbi.

Hajati alikutwa barazani kwake akiandika barua ya mwisho ya ziara za wiki inayofuata. Sheria ya Serikali za Mitaa, ya 1997, inamtaka diwani atenge siku ya kukutana na watu wa eneo lake, awaeleze yaliyoamuliwa na baraza, arudishe maoni yao. Haisemi ni kwa mafuta ya nani. Pikipiki ni yake, na petroli anajaza mwenyewe.

Kila ziara huanza na barua siku saba kabla, kwa mkuu wa kaunti ndogo, nakala kwa mwenyekiti wa LC3, baraza la kaunti ndogo, na kwa msimamizi wa mahali panapotembelewa. Tulidhani ni urasimu. Lakini msimamizi wa kituo cha afya ana haki ya kukataa kumfungulia mtu stoo ya dawa bila barua, diwani au si diwani, na diwani anayezuka ghafla na kundi la watu huonekana anapiga kampeni. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, hapelekewi barua, anapigiwa simu. Malipo yake ya serikali yalikuwa shilingi 120,000 kwa mwaka mzima, na ndiye atakayezunguka kijiji kuita watu.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuendelea. Shirika la utafiti la ACODE la Kampala limekuwa likiwapima madiwani tangu 2009 kwa alama 100: 25 za kazi ya kutunga sheria barazani, 20 za mawasiliano na wapiga kura, 10 za kuhudhuria mabaraza ya ngazi za chini, na 45 za kukagua huduma. Hizo 45 ndizo wengi huzipoteza, na si kwa sababu hawatembei. Wanatembea, wanaona, wanaahidi, wanarudi nyumbani. Hakuna ripoti, hakuna mhuri, hakuna alama, na kibaya zaidi, hakuna ofisi iliyopokea kitu cha kujibu.

Jumanne: kisima cha pampu

Tuliondoka saa moja asubuhi. Boda ya kukodi kutwa ilikuwa 40,000 pamoja na mafuta, na kijana mwenyewe aligeuka kuwa mkalimani wa Kiaringa, lugha ya wenyeji, bila kuongeza bei.

Kisima kiko katika kijiji cha wenyeji, ng'ambo ya kijito kutoka ukingo wa makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa Agosti 2016. Wanaochota ni wa pande zote mbili. Wakimbizi hawampigii Hajati kura, lakini wana viongozi wao waliochaguliwa, RWC, waliopangwa kwa ngazi kama LC, na mwenyekiti wao alikuwa amekaa benchi moja na mwenyekiti wa LC1 tulipofika. Kiwango cha serikali ni watu 300 kwa pampu moja ya mkono. Foleni ya jerikeni siku hiyo ilianzia kwenye pampu, ikapita nyuma ya msikiti.

Lalamiko lilikuwa kwamba pampu "imechoka". Hajati hakuanza na pampu. Aliomba daftari la kamati ya maji. Kila nyumba hutoa 1,000 kwa mwezi, na michango ilikuwa imesimama tangu mweka hazina alipohamia Koboko na kitabu cha risiti. Mzee mmoja alimwambia, "Binti yangu, sisi tuna kiu, wewe unasoma daftari?" Akajibu kwa adabu, "Mzee wangu, bila daftari hili wilaya itaniuliza nyinyi mmefanya nini, nami nitakosa la kusema."

Kisha vipimo viwili, na hivi yeyote anaweza kuvifanya akiwa na ndoo na saa. Cha kwanza: pampu iachwe ipumzike dakika 30, halafu pigeni mkono mkihesabu. Maji yakitoka ndani ya mipigo mitano, vali ya chini na mabomba viko sawa. Hapa yalitoka mpigo wa 23, maana yake maji yalikuwa yakirudi chini usiku na mchana. Cha pili: mipigo 40 mfululizo, mkono ukipanda na kushuka mpaka mwisho, inapaswa kujaza lita 15 hivi. Hapa ndoo ilipata 9.

Kulikuwa na dalili ya tatu isiyohitaji ndoo. Mama aliyetuletea chai aliomba radhi kwa rangi yake kabla hatujauliza. Chai ilikuwa nyeusi kama wino, na juu yake utando unaong'aa. Majani ya chai yakikutana na maji yenye chuma kingi huwa hivyo. Sare za shule za watoto wa pale zina rangi ya kutu kwenye kola.

Fundi wa chama cha mafundi wa pampu alifika saa nne na vijana wawili, spana, klampu na vyuma vya kunyanyulia. Pampu ni aina ya U2, dada wa pampu ya mkono iitwayo India Mark II. Kazi yenyewe: unafungua kifuniko cha kichwa, unatoa cheni na mkono, unanyanyua kichwa chote, halafu unavuta mabomba, kila moja mita 3, huku klampu ikishika lililobaki lisianguke. Hapo ndipo ajali hutokea. Klampu ikiteleza, mabomba yote na silinda huenda chini, na kuvua vyuma mita 30 chini ya ardhi kunaweza kumaliza siku mbili na hela yote ya kamati. Fundi alimfukuza kila mtoto aliyesogea.

Yalitoka mabomba kumi. Saba ya juu yalikuwa na kutu ya kawaida. La nane lilikuwa na tundu la kupitisha penseli karibu na nyuzi za maungio, na la tisa ukilibonyeza kwa kidole gumba linatoa magamba mekundu. Mipira ya pistoni ilikuwa imelika upande mmoja. Fimbo mbili zilikuwa zimekonda kwenye kiungo.

Sababu si uzembe wa kijiji. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hayavumilii maji yenye asidi asidi, ambayo ni ya kawaida sehemu nyingi za Uganda. Zinki huisha kwanza, kisha chuma chenyewe. Wizara ya Maji ilikwisha kuagiza mabomba ya namna hiyo yaachwe, yawekwe ya chuma kisichoshika kutu. Lakini dukani yapo, ni rahisi, na mkandarasi aliyekarabati kisima hiki miaka ya karibuni aliyaweka tena. Fundi aliongeza jambo ambalo halimo kwenye mabango: hata hicho kisichoshika kutu kina madaraja. Kinachotakiwa ni cha daraja la 304. Watu hujaribu kwa sumaku, na sumaku kweli itakutambulishia bomba la zinki, kwa kuwa litanata. Ila haitakutofautishia 304 na 202, ambalo ni la bei nafuu na huoza mapema, maana yote mawili kwa kawaida hayashiki sumaku. Usalama uko kwenye cheti cha kiwandani na namba iliyochapwa kwenye bomba lenyewe. Na ukiweka mabomba mapya usirudishe fimbo za zamani za zinki, zitaliwa upesi kuliko mwanzo kwa kuwa vyuma viwili tofauti vimekaa pamoja majini.

Mipira ya pistoni na grisi ya cheni ni kazi ya kamati ya maji. Mabomba ni kazi ya wilaya, kupitia ruzuku ya maji. Hajati aliligawa tatizo hivyo mbele ya wote, akakataa katakata pale vijana walipomwomba atoe mfukoni "kitu kidogo cha mabomba". Diwani akinunua mabomba mawili, alisema, wilaya itakifuta kisima hiki kwenye orodha, na mabomba manane yaliyobaki yatakuwa yake mpaka afe.

Kwa muda huo kulikuwa na mbinu. Fundi alishusha kamba yenye uzito, akakuta maji yako mita 14 kutoka juu. Silinda ilikuwa mita 30. Kwa hiyo mabomba mawili mabovu yaliachwa nje, silinda ikakaa mita 24, mipira ikabadilishwa, klorini ikamiminwa. Mipigo 40 ikatoa lita 14. Hatari yake ni kiangazi kikikaza: maji yakishuka wakati wa kuchota sana, pampu itavuta hewa. Hili nalo liliandikwa. Malipo ya fundi na mipira yalifika 130,000, yakachangwa palepale, wenyeji na wakimbizi, na mweka hazina mpya akachaguliwa, mwanamke mwenye duka la chumvi na sabuni ambaye hana mpango wa kuhama.

Kwa atakayepita: kuingia ndani ya Bidi Bidi kwa kazi yoyote ya kupiga picha au kuhoji kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Nje ya makazi, mwenyekiti wa LC1 anatosha, lakini mwone kabla ya kutoa kamera.

Jumatano: dawa na vyoo

Kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Uvumi wa kijiji: dawa zinauzwa. Hajati huchukua karatasi mbili na rafu moja. Karatasi ya kwanza ni hati ya mzigo kutoka bohari ya taifa ya dawa, ambayo huleta kila miezi miwili. Ya pili ni kadi ya stoo. Halafu mnahesabu kilichoko rafuni, kwa sauti, msimamizi akiwapo. Huchagua dawa tatu tu, na moja lazima iwe ya malaria, kwa kuwa ndiyo inayotoka haraka na ndiyo inayoibika.

Hesabu haikulingana. Kadi ilionyesha dozi nyingi kuliko rafu. Hapo ndipo diwani mwingine angetoka nje na kuwaambia watu "mwizi kapatikana". Hajati aliomba daftari la wagonjwa. Kadi haikujazwa kwa siku tisa. Muuguzi mmoja alikuwa anazalisha, anatoa dawa na kuandika, na katika siku hizo tisa kitu kilichosimama kilikuwa kuandika. Dozi zilizopungua zilipatikana kwenye daftari la wagonjwa, jina kwa jina, ila nne. Ripoti ikaandikwa upungufu wa watumishi, na dozi nne zisizo na maelezo, zote mbili bila kupunguza wala kuongeza. Kamati ya usimamizi wa kituo ilikuwa haijakaa kwa robo mbili. Tarehe ya kikao ikawekwa kabla hatujaondoka.

Shule ya msingi jirani ilichukua nusu saa. Kiwango ni wanafunzi 40 kwa tundu moja la choo. Gawanya mwenyewe: wanafunzi 912, matundu 8, mawili kati yake yamejaa. Wasichana wa darasa la saba hurudi nyumbani saa sita.

Chakula cha mchana kwa imamu wa pale: enyasa, yaani ugali, ya muhogo na mtama, angara kwenye rojo la karanga, na bamia. Alikataa pesa, akakubali kilo mbili za sukari.

Alhamisi: milioni moja chini ya mwembe

Siku hii ndiyo iliyoleta watu wengi kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa ya fedha. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022, uliipangia kila parishi, yaani kundi la vijiji ndani ya kaunti ndogo, shilingi milioni 100 kwa mwaka, zipite kwenye sako (chama cha kuweka na kukopa) ya parishi na kumfikia mtu wa kaya kwa mkopo wa milioni moja, riba asilimia 6 kwa mwaka. Mkutano uliendeshwa kwa Kiaringa, Kiswahili na Kiarabu cha Juba, na kila aliyesimama alijua neno moja katika lugha zote tatu: "lini?"

Mkuu wa parishi alikuwapo na orodha. Hajati aliomba isomwe yote, jina na kijiji, na kila aliyetajwa asimame. Ni kazi ya kuchosha, na baadhi ya watu walilala. Lakini ndivyo walivyogundulika wawili waliopewa wakiwa hawaishi pale, na mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha bila kujua.

Huyu mama alikuwa anaonekana amelipwa. Namba ya simu iliyosajiliwa ilikuwa ya kijana wa dada yake. Hiyo ndiyo kasoro inayorudi kila parishi: fedha huingia kwenye pochi ya simu, na simu si ya mwenye mkopo. Kasoro ya pili ni jina. Kitambulisho cha taifa kimeandika herufi moja tofauti na fomu ya kikundi, mfumo unakataa, na mtu anangoja miezi akidhani kanyimwa. Ya tatu ni "pesa ya karatasi", elfu 20 au 50 ambayo mtu fulani huomba ili fomu isogee. Hakuna ada. Hajati alirudia hilo kwa lugha zote tatu, kisha akasema aliyeombwa aje na jina, tarehe na kiasi, na kama anaogopa kijijini aende kwa mkuu wa wilaya wa serikali kuu, RDC.

Baada ya hapo ofisa mifugo alipewa dakika 20, zikawa 50, na hakuna aliyemkatiza. Wengi hapa hununua mbuzi. Bei sokoni wiki hiyo ilikuwa karibu 150,000 kwa jike mzima. Kosa ni kununua sita na kubaki na laki moja. Alipendekeza majike manne na dume moja, 750,000, na 250,000 ibaki kwa banda lililoinuliwa kutoka chini, dawa ya minyoo, dawa ya kupe na chanjo ya sotoka ya mbuzi. Kosa la pili ni kuwanunua wote mnadani siku moja na kuwachanganya na wa nyumbani jioni ileile. Mbuzi wa mnadani hujaona alikotoka. Mtenge wiki mbili. Akikohoa na kutoa makamasi ndani ya siku hizo, umepoteza mmoja badala ya zizi.

Mzee mmoja aliuliza kama mkopo husamehewa mbuzi wakifa. Ofisa alisema la, labda kama kuna ushahidi wa maafa na kamati ikakubali kuongeza muda. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Tunaona ni jibu ambalo lingefaa kutolewa mwanzoni, kabla ya mtu yeyote kutia dole gumba.

Kwa atakayepita: mkutano wa saa nne huanza saa saba. Beba maji, na usikae chini ya tawi lenye maembe, hata yakiwa mabichi. Kuna watoto juu yake.

Ijumaa: kalvati, kisha karatasi

Asubuhi na mapema, kabla ya swala ya Ijumaa, kalvati iliyovunjika. Pete za zege za milimita 600, mistari miwili, zimepasuka katikati. Mhandisi msaidizi alipima udongo wa juu: sentimita 25. Alitaka 60. Malori ya mawe yakipita juu ya kifuniko chembamba hivyo, uzito wote unatua kwenye pete. Na hakukuwa na kuta za mdomo, kwa hiyo maji yalikuwa yamechimba pembeni na kuilegeza ya mwisho. Swali la kwanza la Hajati halikuwa nani alijenga, bali barabara hii ni ya nani. Ikiwa ya jamii, ni bajeti ya kaunti ndogo. Ikiwa ya wilaya, inaweza kuingia kwenye ile bilioni moja ambayo serikali kuu ilianza kuipa kila wilaya kwa barabara katika mwaka wa fedha wa 2023/24. Ilikuwa ya wilaya. Angeandika kwa ofisi isiyo yake, barua ingezunguka hadi mvua za Aprili.

Mchana kutwa ulikuwa wa kuandika, na kwa kuutazama hauna mvuto wowote. Kila ziara ripoti yake, kurasa mbili zisizozidi: mahali, tarehe, orodha ya waliokuwapo na sahihi zao, kilichopimwa na namba zake, picha, kinachoombwa, kwa ofisi ipi, na kufikia lini. Hakuna "wananchi wanateseka sana". Kwenye ya kisima aliandika mpigo wa 23, lita 9, mabomba 10, daraja 304. Nakala ya kwanza kwa karani wa baraza, ya pili ibaki kwake, na zote zigongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila mhuri huo, kamati ikisema haikuletewa, diwani hana la kuonyesha.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Baraza la wilaya hukaa walau mara moja kila miezi miwili. Mkutano wa bajeti huwa mwishoni mwa mwaka wa kalenda, bajeti lazima ipitishwe kufikia 31 Mei, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi la Februari bado linaweza kuingizwa kwenye rasimu kupitia kamati ya kudumu. La Juni litangoja mwaka mzima, hata liwe la haki namna gani.

Jumamosi: kurudi

Teksi hadi Arua, basi la jioni, tairi moja Nakasongola. Wenye duka la kando ya barabara waliwasha jenereta ili dereva aone nati, wakauza chai kwa bei ileile ya kila siku.

Yaliyofuata, kwa simu

Wiki mbili baadaye kamati ya kazi na huduma za ufundi ilikaa. Mabomba kumi ya daraja la 304 yamependekezwa kwenye bajeti mpya, na cheti cha kiwandani kimewekwa kama sharti la kupokea mzigo. Kalvati imepewa kifusi cha dharura, kuta za mdomo bado. Muuguzi wa pili amehamishiwa kituoni kwa miezi mitatu. Dozi nne bado hazina maelezo na kamati ya kituo imeandikiwa. Mama wa simu ya mpwa amerudishiwa 600,000, na iliyobaki kijana anadai kailipa ada ya chuo. Vyoo vya shule vimeahirishwa. Kisima kinatoa, ingawa saa tisa alasiri mkono huwa mwepesi na maji hukatika dakika kadhaa, kama fundi alivyoonya; kamati imepanga zamu za kuchota, asubuhi ng'ambo ya kijito, jioni upande huu.

Anayetaka kumfuata diwani wake mwenyewe hahitaji kwenda Yumbe. Aende kwa karani wa baraza la wilaya yake, aombe ratiba ya vikao na nakala za ripoti za ukaguzi za robo iliyopita. Vikao vya baraza viko wazi kwa umma. Nenda na kalamu, na fika mapema, kwa kuwa viti vya wageni huwa vichache.